Rangi Si Hoja: Kumi Bora za Karotini kwa Sufuria ya Songwa

Leo tunawapanga foleni matunda, mboga, mafuta na hata kidonge kimoja chenye majivuno, wote wanaodai kuwa wao ndio wenye beta-karotini. Hii ni rangi ya njano-chungwa inayotengenezwa na mmea. Tukiila, utumbo wetu unaikata katikati na kuigeuza vitamini A. Vitamini A ndiyo inayomfanya mtoto aone njia jua likizama, na ndiyo inayotunza utando wa koo, mapafu na matumbo ili vijidudu visipite ovyo. Ikipungua sana, jicho hukauka, kioo chake hufanya vidonda, na mtoto anaweza kupofuka moja kwa moja.

Tatizo si la mbali. Utafiti wa kitaifa wa hali ya afya Tanzania wa 2010, uliopima na damu, ulikuta mtoto mmoja kati ya watatu wa umri wa miezi 6 hadi miaka 5 ana upungufu wa vitamini A. Kwa wanawake wa umri wa kuzaa walikuwa 37 katika kila 100.

Kanuni ya mashindano ni hii: sitoi alama kwa wingi wa karotini peke yake. Naangalia nani ataingia kwenye sufuria ya nyumba ya kawaida hapa Songwa, kwenye udongo huu wa Kishapu unaopenda pamba na mtama, au kwenye sahani ya kijana mchimbaji aliyepanda kutoka duarani, shimo la dhahabu, kule Nyarugusu, na kwa bei anayoimudu. Tunaanzia kumi, tunashuka hadi moja.

10. Chungwa

Pole sana, bwana mkubwa. Rangi yote hiyo, na nafasi yako ni ya mkiani. Gramu 100 za chungwa zina beta-karotini isiyozidi mikrogramu 100, wakati uzito huohuo wa karoti unapita 8,000. Sehemu kubwa ya rangi yake inatoka kwa ndugu wengine wa ukoo wa karotenoidi, na wengi wao hawageuki kuwa vitamini A. Tunalibakiza kwenye orodha kwa heshima ya vitamini C, na kwa sababu kulifukuza kungeleta ugomvi na watu wa Muheza wanaolilima.

9. Kiini cha yai

Huyu kaingia na jezi ya njano, lakini bao amefunga mwingine. Unjano wa kiini ni wa luteini na zeaksantini, ambazo zinalinda sehemu ya katikati ya retina lakini hazigeuki kuwa vitamini A. Vitamini A ya yai ipo tayari humo ndani. Kuku ameshafanya kazi ya kuigeuza kwa niaba yako. Mpe mtoto yai bila kusita. Ila usimsifie yai kwa rangi, msifie kuku.

8. Mahindi ya njano

Watu wazima wa miaka ya 1980 wanaukumbuka unga wa njano wa msaada, ule uliobandikwa jina la Yanga. Walioula waliula kwa shida, na mashabiki wa Simba walikuwa na sababu ya ziada. Ukweli ni kwamba mahindi ya njano ya kawaida yana karotini kidogo, zaidi yana ndugu zake wale wa kiini cha yai. Watafiti wamezalisha mahindi yaliyokolea uchungwa ambayo yanaipita kwa mbali ile Yanga ya zamani. Lakini ugali wa njano mbele ya Msukuma aliyezoea mweupe bado ni mechi ya ugenini. Nane inamtosha.

7. Karoti

Najua mnasema nimemwonea. Karoti ndiyo tajiri wa namba: huko maabara anashindana na vigogo wa juu kabisa. Mwaka 1831 mfamasia wa Kijerumani Heinrich Wackenroder aliitoa rangi hii kutoka kwake kwa mara ya kwanza. Tatizo lake hapa Songwa ni safari. Inafika sokoni imeshapanda malori, imeshalegea, na fungu la vipande vichache linauzwa bei ambayo mama mwenye watoto watano anaishika, anaigeuza, anairudisha mezani. Kisha anayeinunua anaikwangua nyuzi mbili tatu juu ya pilau la sikukuu. Mtoto anapata rangi ya kuangalia.

Na ile habari ya kuona kama bundi? Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Waingereza walieneza kwamba rubani wao John Cunningham anazidungua ndege za Wajerumani gizani kwa sababu anakula karoti. Siri yenyewe ilikuwa rada ndani ya ndege. Mwenye upungufu wa vitamini A akila karoti anarudi kuona jioni, hilo ni kweli kabisa. Lakini ambaye haoni maandishi madogo kwenye simu aende kwa daktari wa macho, na mchimbaji anayeshuka duarani asiache tochi juu kwa sababu asubuhi alitafuna karoti.

Ukiipata, ikwangue na uipike na mafuta. Karoti mbichi inayotafunwa kavukavu inapita na sehemu kubwa ya mali yake, haijaitoa.

6. Papai

Kwa kiasi, papai halitishi mtu: beta-karotini yake haifiki nusu ya ile ya embe. Linalonifanya nilivushe mbele ya karoti ni ukarimu wake. Ndani ya karoti karotini imekaa kama fuwele ngumu, na utumbo unahangaika kuifungua. Ndani ya papai imekaa katika hali laini ambayo mwili unaichukua kwa urahisi zaidi. Halafu ni chakula cha mtoto aliyeanza kula juzi: halihitaji jiko wala meno. Mti mmoja nyuma ya bafu, ukimwagiwa maji ya kuogea, unazaa hata kiangazi kikiwa kikali. Kama kwenu hakuna mpapai nyuma ya bafu, tueleze hayo maji mnayapeleka wapi.

5. Embe

Mwezi wa Desemba hakuna mtoto Shinyanga anayeuliza kuna nini cha kula. Embe lililoiva lina mikrogramu zipatazo 600 kwa gramu 100, na kwa vile watoto hawali gramu 100, wanakula mpaka shati linabadilika rangi, hesabu inapanda. Kosa lake ni moja: linakuja kwa fujo, linaondoka kwa fujo, na kufika Machi umebaki na kokwa. Ini la mtu lina uwezo wa kuweka akiba ya vitamini A kwa miezi kadhaa, kwa hiyo karamu ya Desemba haipotei yote. Waacheni wale.

Kadi nyekundu: Kidonge cha beta-karotini

Hapa tunasimamisha mchezo. Kidonge hakipati namba, kinatoka nje ya uwanja, na sababu inawahusu hasa vijana wetu wa ukanda wa dhahabu.

Kwa miaka mingi madaktari waliona kwamba watu wanaokula mboga na matunda mengi ya aina hii wanapata saratani ya mapafu kwa nadra. Wakafikiri: basi tuwape karotini yenyewe. Nchini Finland, wanaume wavutaji sigara 29,133 waliingizwa kwenye utafiti, na baadhi yao wakapewa miligramu 20 za beta-karotini kila siku kwa miaka. Matokeo yalitoka 1994: waliomeza kidonge walipata saratani ya mapafu zaidi, kwa asilimia 18. Marekani nao walikuwa na utafiti wao wa watu 18,314, wavutaji, walioacha kuvuta na waliofanya kazi kwenye asbesto. Ulisimamishwa Januari 1996 kabla ya wakati wake, kwa sababu waliomeza vidonge vya beta-karotini pamoja na vitamini A walikuwa wanaugua saratani hiyo kwa asilimia 28 zaidi na kufa kwa asilimia 17 zaidi.

Sasa wewe kijana wa karasha la kusaga mawe, unayevuta sigara mbili kabla ya kushuka na moja baada ya kupanda, na kifua chako tayari kinalipa kodi ya vumbi la mawe: mtu akija kambini na kopo lenye picha ya karoti, akikwambia linasafisha mapafu na kutoa zebaki mwilini, mrudishie kopo lake. Halisafishi mapafu, na zebaki haliitoi. Hela hiyo inatosha boga zima na chenji.

Na usichanganye kidonge hicho na matone ya vitamini A wanayopewa watoto kliniki kila baada ya miezi sita, kwa kawaida Juni na Desemba. Yale ni kitu kingine, ni vitamini A iliyo tayari, kwa kipimo cha mtoto: yuniti 100,000 kwa wa miezi 6 hadi 11, na 200,000 kwa wa mwaka mmoja hadi kabla ya kutimiza mitano. Ushahidi wa faida yake kwa watoto wenye surua ulipatikana hapahapa nyumbani. Katika Hospitali ya Mvumi, Dodoma, watoto 180 waliolazwa kwa surua waligawanywa makundi mawili. Kati ya 88 waliopewa vitamini A walikufa 6. Kati ya 92 ambao hawakupewa walikufa 12. Kwa wale wa chini ya miaka miwili tofauti ilikuwa kubwa zaidi. Utafiti huo ulichapishwa 1987, na mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani na UNICEF wakatoa pendekezo kwamba mtoto mwenye surua, mahali penye upungufu, apewe vitamini A. Kwa hiyo siku ya matone ikitangazwa, mwenye ng'ombe achelewe kuwapeleka malishoni, lakini mtoto afike.

Mpira unaendelea.

4. Boga

Mama mkwe wa shamba! Anaotea katikati ya mahindi bila kuombwa, anatambaa anapotaka, na kila kitu chake kinalika. Nyama yake ikiwa imeiva njano nzito ina mikrogramu zinazokaribia 3,000 kwa gramu 100. Majani yake ni mboga. Na mbegu zake, hizi ambazo watoto wanazichezea uani, karibu nusu ya uzito wake ni mafuta.

Hapo ndipo boga linapotufundisha kazi. Karotini haiyeyuki kwenye maji, inayeyuka kwenye mafuta. Boga lililochemshwa na chumvi peke yake linaacha sehemu nzuri ya mali ipite tumboni bila kuchukuliwa. Kaanga mbegu, zitwange, nyunyiza unga wake juu ya boga hilohilo, na umelipa kile lilichokosa. Kijiko cha mafuta ya alizeti au samli kinafanya kazi hiyohiyo. Hesabu inayotumika Marekani tangu 2001 inasema mikrogramu 12 za beta-karotini ya kwenye chakula ndizo zinazotoa mikrogramu 1 ya vitamini A. Ukiondoa mafuta, hata hiyo moja usiitegemee.

Mtoto akila boga na viazi vya njano kila siku, viganja na nyayo zake vinaweza kugeuka njano. Usikimbie kumtafutia dawa ya manjano. Angalia weupe wa macho: ukiwa umebaki mweupe, ni karotini tu imekaa kwenye ngozi, haina madhara, itaondoka akipunguza. Weupe wa macho ukiwa umegeuka njano, hapo ndipo utafute pikipiki ya kwenda kituo cha afya. Mwili wenye vitamini A ya kutosha hupunguza wenyewe kuigeuza karotini, ndiyo maana boga halijawahi kumlewesha mtu vitamini.

3. Mawese

Mgeni kutoka Kigoma, karibu kiti. Mawese mekundu ni karotini na mafuta yake ndani ya chupa moja. Wengine wote humu wanatafuta mwenza, yeye kaja ameshaoa. Utafiti uliofanyika vijijini Tanzania, uliochapishwa 2001 na uliowashirikisha watafiti wa Taasisi ya Chakula na Lishe, uliwafuata akina mama tangu mimba ikiwa kwenye miezi mitatu ya mwisho hadi mtoto afikishe miezi mitatu. Kwa waliopewa mawese, vitamini A ya kwenye maziwa haikushuka, wakati kwa waliopewa mafuta ya alizeti na kwa wasiopewa kitu ilielekea kushuka.

Masharti mawili. Usiyachome mpaka yageuke meupe, maana ile rangi inayopotea ndiyo uliyoilipia. Na kijiko kimoja kinatosha, kwani nusu ya mafuta hayo ni ya aina ambayo moyo hauipendi ikizidi. Angekuwa analimwa Songwa angepigania ubingwa. Mvua zetu haziwezi kumlea.

2. Matembele na ukoo wote wa kijani

Mmeshangaa? Mshangao ni haki yenu, kwa sababu wamevaa nguo ya mtu mwingine. Jani la kijani lina karotini nyingi, ila ukijani umeifunika. Matembele, mchicha, majani ya kunde, kisamvu, majani ya maboga: hawa ndio wamekuwa wakiwalinda watoto wa Usukuma tangu zamani, bila picha yao kubandikwa ukutani zahanati.

Jani linaificha karotini ndani ya chembe zake, kwa hiyo likate dogo, liive bila kupitiliza, na liungwe karanga. Bibi zetu waliounga majani ya kunde kwa karanga walikuwa wanafanya jambo sahihi kwa asilimia mia, na mjukuu anayeyachemsha makavu akisema anapunguza mafuta arudi kwa bibi akafundishwe upya.

Kiangazi kikiingia tunakula nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa. Hapa kuna hasara ya kuzuilika. Watafiti waliolinganisha ukaushaji wa mboga zetu, katika kazi iliyochapishwa 2003, waliona kwamba zilizoanikwa wazi juani zinapoteza karotini zaidi kuliko zilizokaushwa ndani ya kikaushio cha sola. Jua lenyewe ndilo linaloichoma. Kama kikaushio huna, zichovye kwanza kwenye maji ya moto, anika kivulini penye upepo au funika kwa kitambaa, kisha weka mahali pa giza.

1. Viazi lishe

Na bingwa ni huyu, mwenye ngozi ya kawaida na tumbo la rangi ya machweo.

Kiazi cheupe, kile cha unga kinachokwama kooni mpaka ushushe na maziwa ya mgando, tunakipenda sana. Lakini beta-karotini yake iko karibu na sifuri. Kiazi lishe kilichokolea rangi kinakaribia karoti, na gramu 125, kiazi kimoja cha wastani, zinatosha mahitaji ya vitamini A ya mtoto mdogo kwa siku. Afrika Kusini walijaribu: watoto wa shule ya msingi walipewa gramu 125 za kiazi hiki kilichochemshwa kwa siku 53 za masomo, na akiba yao ya vitamini A ikapanda. Kaskazini mwa Msumbiji, matokeo yaliyochapishwa 2015 yalionyesha watoto wa nyumba zilizokula viazi hivi waliharisha kwa nadra zaidi. Kazi ya kukisambaza Afrika ilitunukiwa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016, na mmoja wa waliopewa ni Mganda Robert Mwanga, mzalishaji wa aina ya Kabode ambayo imevuka mpaka na kuingia mashambani kwetu, sambamba na Ejumula, Mataya na Kiegea.

Wasukuma mmesema kina majimaji. Mmesema kweli, aina za mwanzo zilikuwa na maji mno, na mtu aliyezoea kiazi kikavu aliona kama amepewa uji wenye ganda. Kabode na Ejumula zimekaza zaidi. Kichemshe na ganda lake, kwa maji kidogo, sufuria imefunikwa: karotini nyingi inabaki, na kiazi kinatoka kikavu. Halafu mpe mtoto kwanza. Mtoto hana siasa za kiazi.

Kuna suala la michembe na matobolwa, na hili linaniuma. Usukuma ndiyo inayojua kukausha viazi, vibichi vikawa michembe, vilivyochemshwa vikawa matobolwa, na njaa nyingi zimepita tukiwa hai kwa sababu ya ujuzi huo. Viazi lishe vikikaushwa haraka havipotezi sana siku ile ya kuanika. Vinapotea ghalani: kufikia mwezi wa nne wa kuhifadhiwa, zaidi ya nusu ya karotini inaweza kuwa imekwisha, na utaiona kwa macho, uchungwa umegeuka majivu. Kwa hiyo michembe ya lishe iliwe mwanzo, ndani ya miezi miwili ya kwanza. Ile nyeupe isubiri Februari.

Adui mkubwa wa bingwa wetu ni uhaba wa marando ya kupanda. Kati ya Juni na Oktoba ng'ombe na jua vinamaliza kila kitu kilicho juu ya ardhi, na mvua ikinyesha hakuna cha kupanda. Kituo cha Kimataifa cha Viazi na wenzake walilijua hilo walipoendesha mradi wa Marando Bora hapa Kanda ya Ziwa kati ya 2009 na 2012, wakiwafundisha wakulima kuzalisha na kuuzia wenzao marando safi yasiyo na ugonjwa wa batobato. Mradi ulikwisha, kiangazi hakikwisha. Lakini kuna njia isiyohitaji mradi. Ukivuna, chagua viazi vidogo visivyotobolewa na fukusi. Vipange kwenye beseni, tabaka la mchanga mkavu na tabaka la viazi, bila kugusana, kisha weka ndani ya nyumba mbali na panya. Wiki sita hadi nane kabla ya mvua vitakuwa vimeanza kuchipua. Hapo uvipande kwenye bustani ndogo iliyozungushiwa miiba, uvimwagilie. Mvua ya kwanza ikinyesha utakata marando yako mwenyewe wakati wengine wanatafuta nauli ya kuyafuata.

Mchanga upo bure mtoni, na beseni lililotoboka linafaa. Viazi vya mwaka huu usivile vyote, mama. Vile vidogo vifukie. Na jirani akija na panga mvua ikinyesha kukuomba marando, mkatie.